Ua la Lukenya na Jina la Mama

Nilipiga kelele mpaka wachonga mawe wakasimamisha nyundo zao. Mama alikuwa mbele yangu, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kichwani, na hakugeuka kuuliza, aliruka. Alidhani nimeona nyoka. Aliruka lakini hakumwaga hata punje moja ya mahindi, sifa aliyojipa kwa miaka mingi baadaye, ila siku ile alinitazama kwa hasira ya mtu aliyeogofywa bure.

"Ni nini?"

"Ni maua, Mwaitu." Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Angalia hii maua!"

"Maua?" Akashusha sufuria polepole juu ya jiwe. "Nikufe juu ya maua?"

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Ulikuwa mwaka wa zile mvua kubwa za El Niño, mvua zilizobomoa madaraja na kuozesha mahindi shambani. Pale kilimani Lukenya, ambapo miezi mingi ya mwaka ardhi ina rangi ya gunia, kila ufa wa mwamba ulikuwa umeota kitu. Ua lenyewe halikuzidi kifungo cha shati. Lilikuwa la samawati inayoelekea zambarau, lenye petali tatu, na kikonyo chake kilijaa nywele nyeupe laini kama za sikio la mwanambuzi. Nilikuwa nimepita njia ile tangu utotoni. Ama sikuwahi kuliona, ama nililiona kabla sijafundishwa kuangalia.

Mama alilima shamba dogo upande wa Kinanie, na siku za kazi aliwapikia wachonga mawe chakula cha mchana. Jumamosi nilitoka Nairobi kwenda kumsaidia kubeba. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa katika hebariamu, yaani nyumba ambamo mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu huhifadhiwa makabatini, mizizi na maua na mbegu, ili mtu mwenye swali la jina aje aulize mmea wenyewe. Nilikuwa msaidizi tu, wa ngazi ya chini, lakini kichwa changu kilikuwa cha ngazi ya juu sana. Nilijiona kama mtu aliyetumwa duniani kugundua kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kinachelewa kwa makusudi.

Nilichimba mimea michache kwa kisu cha jikoni, nikailaza katikati ya gazeti ambalo mama alifunikia sahani. Alilalamika kwamba nzi wataingia kwenye chakula cha watu. Nikamwambia nzi wa leo wasamehewe.

Jumatatu sikunywa chai. Nilifungua kabati moja baada ya jingine, nikatoa kila karatasi yenye jamaa wa ua lile, nikazipanga mezani mpaka meza ikaisha nikahamia sakafuni. Zote zilikuwa chini ya jina moja, jina la ofisa fulani wa zamani wa Pwani ambaye alipenda maua, au alipendwa na mtu aliyependa maua. Vitabu vilisema hivyo hivyo: kuanzia pwani hadi bara, ua la aina hii ni lile lile. Lakini lile la pwani halikuwa na nywele kwenye kikonyo. Na nilipopasua tunda moja chini ya hadubini, mbegu za ua langu zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu amezidunga sindano, huku zile za pwani zikiwa laini kabisa.

Nilimwendea mkuu wangu mbio. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumwona akiharakishwa na chochote, hata kengele ya moto. Aliangalia hadubini kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine.

"Inaweza kuwa spishi mpya," alisema.

"Inaweza? Daktari, si unaona nywele!"

"Nywele naziona. Lakini nimeona watu wengi wakibatiza mtoto wa jirani. Umeona taipu?"

Hilo ndilo neno linalotawala kazi yetu, na ni lazima nilieleze, kwa sababu kila kitu kilichonipata kilitoka hapo. Watu hufikiri jina la kisayansi limefungwa kwenye maelezo ya kitabu. Sivyo. Jina limefungwa kwenye mmea mmoja, mmoja tu, uliokaushwa na kuwekwa mahali panapojulikana. Huo ndio taipu. Ukitaka kujua kama ua lako ndilo lenye jina fulani, huulizi kitabu kwanza. Unakwenda kuutazama mmea ule. Na kama mimea miwili iliyopewa majina mawili ni ya aina moja, jina lililotangulia kuchapishwa kwa njia halali ndilo linalokubaliwa, na la pili linazikwa chini yake. Waswahili husema kutangulia si kufika. Kwa wanabotania, kutangulia ndiko kufika.

Taipu ya ua la pwani ilikuwa Ulaya. Tukaandika kuomba kuazimwa, tukasubiri.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mama yote, nikitembea huku na huku jikoni mwake mpaka akaniambia nikae kwa sababu namwagia unga vumbi. Nilimwambia kwamba ikithibitika ni mpya, mimi ndiye nitalipa jina.

"Utaliita jina yako," alisema, akichambua maharagwe.

"Hapana. Kwetu wanabotania si heshima mtu kujipa mwenyewe. Lakini naweza kulipa jina la mtu ninayemheshimu. Nataka kulipa lako, Mwaitu."

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Nami nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu, kwa sababu nilijua nimegusa wapi.

Kwetu Ukambani jina la mtu halifi naye. Linarudi kwa mjukuu, na bibi anaishi kumwona mtoto anayeitwa kama yeye akikimbia uani, na kumtania, na kumwita mwenzangu. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, mimi. Na mimi nilikuwa nimeambiwa na daktari, kisha na daktari mwingine, kwamba sitazaa. Ndoa yangu ilikuwa imeishia hapo hapo. Mama hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Ila kila alipoalikwa kwenye sherehe ya kupewa mtoto jina alirudi nyumbani mapema, na alilala bila kuwasha redio, na mimi nilijua sababu.

"Na hiyo jina itakaa?" aliuliza mwishowe.

"Itakaa. Watu wataita hivyo mpaka mwisho wa dunia. Huko China, huko Brazili, kila mahali."

"Hata mimi nikienda?"

"Hata wewe ukienda."

Akaendelea kuchambua. Baada ya kitambo nikamsikia akicheka peke yake, kicheko kidogo cha puani. "Brazili," akasema.

Nilimwonya kwamba mambo haya hayatangazwi kabla ya kuchapishwa. Akaniambia anaelewa. Kesho yake, Jumapili, wakati wa kutoa shukrani kanisani, mama yangu alisimama akaomba kanisa zima limshukuru Mungu pamoja naye kwa sababu amepata wa kuitwa jina lake.

Wiki mbili hazikupita, nikafika nyumbani nikakuta uani kumejaa akina mama wa kikundi cha mama yangu. Walikuja na sukari, unga, leso mbili, beseni la plastiki na mafuta ya mtoto. Mafuta ya mtoto! Mmoja alikuwa amefuma kofia. Kwa desturi, wanawake ndio wanaokuja kumwona mtoto na kukubaliana jina lake, na mtoto akishaitwa na wanawake, ameitwa. Hapo ndipo anapohesabiwa kuwa mtu. Wao hawakuona tofauti. Wengine walijua vizuri ni ua, wengine nadhani hawakutaka kujua, lakini wote walikuwa wamengoja miaka mingi kumletea mama yangu beseni, na sasa sababu imepatikana.

"Tuonyeshe mtoto," walisema.

Nilitaka kueleza juu ya taipu. Nikawatazama nyuso, nikaghairi. Tuliondoka sote kwenda Lukenya, vitambaa vya kichwa vikipepea, tukiimba, na wachonga mawe wakavua kofia zao wakidhani ni mazishi. Wakalizunguka lile ua dogo. Mkubwa wao kwa umri akainama, akaligusa kwa kidole, akaliita kwa jina la mama yangu mara tatu kwa sauti. Wenzake wakaitikia. Vigelegele vikapigwa, mwamba ukarudisha sauti. Mama alisimama katikati na leso mpya mabegani, mikono haina pa kwenda, akiwa na haya kama bibi harusi.

Sheria za mimea zinataka jina lichapishwe na kusambazwa maktabani, pamoja na maelezo ya Kilatini. Hazisemi lolote juu ya vigelegele. Mimi, mtu wa sheria hizo, nilipiga vigelegele kuliko wote.

Sanduku la Ulaya lilifika mwishowe, limefungwa kwa kamba na karatasi za kila rangi. Mkuu wangu alinipa mkasi. Ndani ya kadibodi, ndani ya karatasi nyembamba, ulikuwepo mmea mmoja wa rangi ya majani ya chai, umekaushwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Maua yalikuwa yamepoteza samawati yote. Lakini kikonyo kilikuwa kikavu, laini, hakina unywele hata mmoja. Nikafungua kibahasha kidogo kilichobandikwa pembeni ambamo mbegu zilikuwa zimehifadhiwa. Nikaweka moja chini ya hadubini.

Laini. Laini kama yai.

Nilicheza. Sioni haya kusema. Nilicheza kati ya makabati, nikimzunguka mkuu wangu na kikombe chake, na watu wa idara ya pili wakaja kuchungulia. Ua la Lukenya halikuwa ua la pwani! Vitabu vyote vilikuwa vimekosea na mimi, binti wa muuza muthokoi, nilikuwa sahihi.

"Vizuri sana," mkuu wangu alisema, na alikuwa anatabasamu kweli. "Sasa angalia makaburini."

"Makaburi gani?"

Akafungua kitabu kikubwa cha mimea ya nchi zetu, akaweka kidole chini ya jina la ua la pwani. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina jingine. Nilikuwa nimelipita kwa macho mara nyingi kama mtu anavyopita jiwe. Mjerumani mmoja wa zamani alikuwa amelipa jina ua fulani lililochimbwa Ukambani, miaka michache baada ya lile la pwani. Baadaye mtaalamu mwingine aliamua hayo mawili ni aina moja, na jina la Mjerumani likazikwa.

"Ukiwatenganisha," mkuu wangu alisema kwa ile sauti yake ya chini, "lazima uulize kama aliyezikwa ni wako. Kama ni wako, ataamka."

"Taipu yake iko wapi?"

"Ilichomeka. Ile hebariamu ya Ujerumani ilipigwa bomu wakati wa vita. Nitauliza kwingine kama kuna nakala yake, mmea uliochimbwa pamoja nao, lakini usitumaini. Umebaki na maelezo yake ya kwanza."

Tukaagiza nakala ya kurasa za maelezo hayo. Nami sikukaa kusubiri, kwa sababu sikuumbiwa kusubiri. Nilianza kuandaa jina la mama. Kulikuwa na shida moja tu: siku zile, spishi mpya haikukubaliwa mpaka uieleze kwa Kilatini, na Kilatini changu kilikuwa cha kuokoteza, maneno ya majani na mizizi yasiyojua kusimama pamoja. Mtu aliyekijua alikuwa padre mmoja mstaafu mjini Machakos, Mkamba mwenzetu, aliyesoma seminari enzi ambazo hata chumvi iliombwa kwa Kilatini.

Mama alisema atanisindikiza. Nilishangaa, kwa sababu yeye ni Mprotestanti wa kufa mtu, wa kizazi kinachoamini kwamba Wakatoliki watafika mbinguni lakini watakaa nje kidogo.

"Na huyo Fatha atalibatiza?" aliniuliza njiani.

"Hapana. Ataandika tu vile linafanana."

"Asilinyunyizie maji. Hiyo nitakataa."

Padre alitukaribisha sebuleni kwake. Alimsalimu mama kwa Kikamba kwa heshima, akamuuliza habari za mvua na mahindi, na mama akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, akiipa mgongo picha ya Bikira Maria bila kuonekana kuwa anaipa mgongo. Chai aliikubali. Keki aliikubali pia.

Tulikwenda kwake mara kadhaa. Jinsi alivyofurahi mzee yule! Kilatini chake kilikuwa kimelala miaka mingi bila mtu wa kuzungumza naye, na sasa kimeamshwa na ua. Alitaka kuliona, nikampelekea moja bichi kwenye chupa. Alibishana nami juu ya nywele: ni laini au ni za manyoya? Zimelala au zimesimama? Mama, ambaye alikuwa amekuja kulinda, alianza kuchangia. "Mwambie zimesimama," alisema. "Zimelala asubuhi kwa umande, saa nne zinasimama." Padre akaandika. Na tulipofika kwenye jina lenyewe, akamweleza mama vile atalivalisha mwisho wa Kilatini kwa kuwa ni la mwanamke, akalitamka, jina la mama yangu likiwa limevaa mkia wa kigeni. Mama alilirudia polepole. Kisha akalirudia tena dirishani, akidhani hatumsikii.

Ile nakala ya kurasa ilifika siku niliyokwenda huko kwa mara ya mwisho. Niliichukua ofisini asubuhi, bahasha ya kaki, nikaisoma nusu nusu, sikuelewa vizuri, nikaiweka mkobani nikiwaza padre ataniambia hakuna kitu.

Aliweka kurasa mbili mezani, ya Mjerumani kushoto na yetu kulia. Akavaa miwani. Akasoma ya kushoto mstari mmoja kwa kidole, akasoma ya kulia mstari mmoja. Akarudi kushoto. Mama alikuwa anakula keki.

"Petali tatu, samawati iliyokolea zambarau," padre alisoma. "Kikonyo chenye nywele nyeupe zilizosimama." Akanitazama juu ya miwani, akaendelea. "Mbegu zenye vishimo. Inaota kwenye nyufa za mwamba, vilima vya Ukambani, kuelekea mto Athi."

Barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

"Wewe na huyu," padre alisema, "mmeona ua moja."

Nikasema labda amekosea, asome tena. Akasoma tena. Nikasema Wajerumani wa zamani walizoea kuandika chochote. Akasema huyu hakuandika chochote, huyu aliinama. Hapo nilisimama, nikasema maneno ambayo hayafai kusemwa kwenye nyumba ya padre, juu ya mtu aliyepita kwetu mara moja, akachimba kitu kimoja, akaondoka, na miaka yote hii kumbe amekaa juu ya kiti cha mama yangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyemwamsha. Wakati kila mtu aliamini ua la Lukenya ni ua la pwani, jina lake lilikuwa limekufa. Niliposhinda, ndipo lilipopumua. Kama ningekuwa nimekosea, asingerudi. Na kwa sababu nilikuwa sahihi, nimeshindwa.

"Hiyo jina aliita," mama aliuliza, akimwelekea padre na si mimi, "inamaanisha nini?"

"Mkaaji wa mwamba, mama."

Akafikiri. "Hiyo ni ukweli," akasema. "Linakaa kwa mwamba." Akafuta makombo ya keki kwenye sketi yake, akayakusanya kiganjani, akatafuta pa kuyaweka.

Tulirudi nyumbani. Usiku sikulala, na si kwa huzuni tu. Akili yangu ilikuwa inatafuta mlango, na ikaupata. Asubuhi nilimkuta mama akipalilia, nikaingia mstarini na jembe la pili, nikamweleza. Taipu ya Mjerumani imechomeka. Hakuna anayeweza kuiona. Ninaweza kuandika kwamba maelezo yake hayatoshi, kwamba haijulikani kwa hakika aliona nini, jina lake liachwe lilale, na lako lichapishwe. Watu hufanya hivyo. Nani atabisha? Mkuu wangu atanung'unika, lakini hatanizuia.

Mama alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Kule mwisho akanyoosha mgongo.

"Fatha alisema ni hilo maua?"

"Alisema."

"Na wewe unajua ni hilo?"

"Najua."

"Sasa mwiitu wakwa, binti yangu, mtoto ako na jina. Mwenye alimpa amekufa, huwezi kumuuliza. Mimi siwezi kuitwa juu ya jina ya mtu mwingine. Hata kwa watu hatufanyi hivyo." Akatema mate pembeni. "Na hiyo beseni sirudishi. Waambie."

Nilicheka huku nalia, nikiwa nimeshikilia jembe. Nilikasirika naye pia. Nilitaka apigane. Miaka yote alikuwa amerudi mapema kutoka sherehe za watu wengine, na sasa sherehe yake mwenyewe anaiacha mlangoni kwa adabu.

Nikamweleza mkuu wangu kwamba tutaandika ukweli: ua la Lukenya ni spishi yake yenyewe, na jina linalokubaliwa ni la Mjerumani, limefufuliwa. Nilisema kama mtu anayesoma hukumu. Yeye akajaza kikombe chake.

"Nimepata majibu," alisema. "Hakuna nakala popote. Kila kitu kilichomeka."

"Najua."

"Basi fikiria. Jina bila taipu ni kamba bila mbuzi. Ukilifufua, lazima ulifunge tena mahali. Lazima uchague taipu mpya, mmea mmoja, kamili, wenye mzizi na ua na mbegu. Kutoka Ukambani, kwenye mwamba. Ile uliyochimba kwa kisu cha jikoni haina mizizi ya maana."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla hajamaliza. "Kikombe!" alisema nyuma yangu, kwa sababu nilikuwa nimekipiga kikombe kwa kiwiko.

Ilibidi tusubiri mvua. Vuli ile ilikuja vizuri, na asubuhi moja ya jua, baada ya umande kukauka, nilimchukua mama tukapanda Lukenya. Safari hii alikuwa na jembe lake dogo la mkono, lile la kupalilia vitunguu, na mimi nilibeba mbao za kukaushia na magazeti. Mwamba mzima ulikuwa umechanua. Nilimwambia mama atuchagulie.

"Mimi?"

"Wewe. Mmoja tu. Maua mengine yote ya aina hii, popote yalipo, yataitwa hivyo kwa sababu yanafanana na utakayemchagua."

Akanitazama kuona kama namtania. Alipoona simtanii, alijifunga leso vizuri kiunoni akaanza kazi. Sijawahi kuona mtu akichagua hivyo, hata sokoni, na mama yangu sokoni huwachosha watu. Alipita kwenye maua makubwa yaliyonivutia mimi. "Hii inajionyesha." Akapita jingine. "Hii imekuliwa na mbuzi." Mimi nilikuwa namfuata na magazeti, nikitaka kumwambia achukue yoyote, nikijizuia. Mwishowe akapiga magoti kwenye ufa mmoja uliojaa kivuli.

"Huyu," alisema. "Angalia. Ako na mwenye hajafungua macho, na mwenye amefungua, na mwenye ameshazaa."

Kulikuwa na tumba, ua na tunda kwenye shina moja. Alichimba kwa zamu ya jembe na vidole, akipuliza mchanga, mpaka kiazi chote kikatoka na mzizi wake mrefu mwembamba haujakatika. Akakiinua juu. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko na uso wake ulikuwa uso wa msichana. Nikafungua gazeti, akalilaza, nikanyoosha majani, tukafunika.

Nilitoa kalamu na kibandiko cha muda.

"Unaandika nini?"

"Mahali. Tarehe. Vile rangi ilikuwa, kwa sababu itapotea. Na mwenye alichimba. Kila mtu atakayeandika juu ya hili ua, akitaja taipu, lazima ataje aliyeichimba. Ndivyo inavyotambulika."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Alijisugua udongo vidoleni.

"Watu wa Brazili?"

"Hao pia."

"Andika yangu kwanza," mama alisema. "Wewe umeshika gazeti tu. Na usiandike ile ya ubatizo. Andika ile mama yangu alinipa."

Nikaandika. Alifuata kalamu kwa kidole chenye udongo, herufi kwa herufi, mpaka jina likaisha, kisha akaniambia nifunge haraka, jua linamchoma mtoto.